Cheti Kumi, Digrii Tisa

Mtaani kwao walikwisha kulisahau jina ambalo binti huyu alipewa na wazazi. Siku aliyorudi kutoka chuo kikuu, joho la kukodi likiwa mkononi, jirani mmoja mwenye mdomo mpana alipiga kelele dirishani: "Tokeni muone jamani, digrii hiyo inapita!" Basi, ikawa imeisha. Toka siku ile yeye ni Digrii, mama yake Mama Digrii, na baba yake, fundi cherehani aliyeitwa Fundi miaka yote, akawa Baba Digrii hata kwa wateja waliomletea suruali za kupunguza kiuno. Mdogo wake wa mwisho, Kitinda, wakati huo bado mtoto wa shule, akawa anawaringia wenzake kwa jina hilo uwanjani.

Wala usidhani mwenyewe alilichukia. Alilipenda, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Digrii alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanaume, hospitali kubwa ya mjini, ghorofa ya pili, lifti mbovu tangu enzi. Kazi aliijua na aliipenda. Hilo nalisema mapema, maana kuna watu wakisikia muuguzi analalamikia mshahara hudhani hana moyo wa kazi. Moyo alikuwa nao, na mdomo pia. Mgonjwa mkorofi akikataa kuinuka kitandani siku ya pili baada ya kupasuliwa, Digrii humwinamia akamwambia, "Mzee wangu, mimi na wewe tunatembea mpaka dirishani. Ukianguka tunaanguka wote, na atakayekuwa chini ni mimi." Mgonjwa anacheka, anashika tumbo kwa sababu ya nyuzi, anamtukana kidogo, halafu anatembea.

Shida yake haikuwa wodini. Shida ilikuwa mkopo.

Miaka yote minne ya chuo alisoma kwa mkopo. Siku ya kwanza ukumbini waliambiwa kwamba muuguzi mwenye digrii hakosi kazi. Hakosi! Digrii alikaa nyumbani miaka miwili akipeleka maombi ya kazi huku na huko mpaka mabawabu wakamzoea. Mkopo nao haukukaa kumsubiri. Riba ilipanda juu ya riba, na faini juu ya faini. Mdhamini wake alikuwa mjomba, karani wa ofisi moja ya ardhi, mtu mpole asiyejua kukataa. Masharti yalikuwa wazi, ingawa nani husoma masharti siku ya furaha: mkopaji akikosa kazi, makato yanahamia kwenye mshahara wa mdhamini. Mjomba akakatwa mwezi baada ya mwezi. Hakusema neno, ila aliacha kuwatembelea. Nyumbani wakasema mjomba siku hizi ana maringo. Digrii alijua kilichomtokea mjomba, akanyamaza, na alipopata kazi akaanza kumrudishia kidogo kidogo bila mtu kujua.

Wodini alikuwa na mwenzake wa zamu, mama wa makamo waliyemwita Mama Sindano kwa sababu wagonjwa walimgombania siku za kuchomwa. Huyu alisomea cheti tu, ada yake ililipwa kwa vipande na mumewe, akaanza kazi bila kudaiwa hata na muuza vocha. Mchana mmoja walikuwa chumba cha vifaa wakikunja chachi za kufungia vidonda. Mama Sindano akamtazama.

"Hivi wewe Digrii, mbona mwezi ukifika katikati chai nakununulia mimi? Si unanizidi mshahara wewe?"

"Nakuzidi."

"Haya, tuone." Akapanga chachi mezani. "Tuseme mimi napata kumi. Wewe?"

"Kwa hesabu hiyo, kumi na tatu."

Akapanga kumi na tatu pembeni, akazinyoosha vizuri kama anamhudumia mtu. "Mkopo wanakukata ngapi?"

Digrii akaokota moja moja mpaka zikafika nne, akazirudisha kikapuni. Wakazitazama zilizobaki.

"Tisa," akasema Mama Sindano. "Loo! Cheti kumi, digrii tisa. Mwanangu, wewe umesoma kwenda chini!"

Wakacheka mpaka sista mkuu akachungulia mlangoni. Alipoondoka, Mama Sindano akauliza kwa sauti ndogo, "Mpaka lini?"

"Imebaki miaka tisa. Nikimaliza nitakuwa naikaribia arobaini, na hapo ndipo nitaanza kukuzidi kweli."

Hakumwambia kwamba kwenye zile tisa, moja ilikuwa ya mjomba na tatu zilikwenda nyumbani kila mwezi. Alizokuwa akila yeye, na kulipia chumba, na kupandia gari, na kununulia sabuni, zilikuwa tano.

Utauliza, kwa nini atume tatu wakati mwenyewe hana? Swali zuri. Kosa lilianzia kwenye mshahara wa kwanza.

Ule mshahara wa kwanza Digrii aliutuma nyumbani wote, kama watoto wengi wafanyavyo, ili wazazi waushike mkononi wambariki. Mwezi ule aliishi kwa chai ya wodini na mkate wa kukopa. Sasa, aliyetuma alijua katuma wote. Waliopokea hawakujua, na yeye hakuwaambia. Fundi alizihesabu zile pesa, akazirudia, akamgeukia mkewe. "Kama hizi ni zilizobaki baada ya kula na kupanga nyumba, basi huyu mtoto analipwa si mchezo." Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Jioni ile walimpigia simu kumshukuru. Mama akauliza, "Na wewe mwanangu, umejibakizia?" Hapo ndipo pa kusema. Lakini Digrii aliisikia sauti ya mama yake ilivyochangamka, sauti ambayo hakuisikia hata mara moja katika ile miaka miwili ya kukaa bure, akasema, "Nimebakiza mama, wala msijali."

Ukishasema hivyo mwezi wa kwanza, wa pili utasema nini? Akaendelea kutuma. Paa lilipovuja alichukua mkopo kwenye kikundi cha wauguzi, nyumba ikaezekwa bati jipya. Akienda likizo alikwenda na viatu vya kuazima na mafurushi ya zawadi. Wakitaka kuja kumtembelea, alikuwa zamu. Walimwonea huruma kwa zamu nyingi, wakamwombea.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku Kitinda alipompigia simu, sauti juu mpaka inakwaruza. "Dada! Nimechaguliwa! Uuguzi, chuo kikuu, kama wewe! Na baba anasema mdhamini wa mkopo ni wewe!"

Digrii alikuwa kwenye korido na sinia la dawa. Akaliweka chini polepole.

"Hongera mdogo wangu. Hongera sana. Lakini umewahi kukifikiria cheti? Kile chuo cha hapo jirani. Ada yake baba na mimi tunaimudu. Ukimaliza unaanza kazi, hudaiwi na mtu. Digrii utaisoma baadaye ukiwa kazini, taratibu."

Kitinda akasema, "Cheti?"

"Nakwambia kwa sababu nakupenda."

"Kwa hiyo wewe digrii, mimi cheti. Haya dada, nimekuelewa."

Simu ikabadilisha mikono. Akaja mama, na pumzi zake tu zilitosha. "Umemwambia nini mwenzio? Analia huku, kajifungia."

"Mama, digrii hailipi kama mnavyodhani."

"Hailipi? Na hili bati lililo juu ya kichwa changu limenunuliwa na nini? Mwanangu, usianze choyo. Sikukulea hivyo."

Neno choyo lilimchoma. Mtu anayeshindia chai ili ninyi mle, halafu mnamwita mchoyo! Lakini angelaumu nani, wakati uongo aliupika mwenyewe na kuupakua mwenyewe? Akaokota sinia lake akaenda kugawa dawa.

"Waambie," Mama Sindano akamshauri walipokuwa wakibadilisha mashuka. "Nenda kawaeleze kama tulivyopanga zile chachi. Huyo mdogo wako atanuna, mwisho atanyamaza. Ukimdhamini na yeye akakosa kazi kama wewe, watakukata mara mbili. Utaishi kwa nini, kwa hewa?"

Digrii alikubali. Akapiga moyo konde. Alipanga kwenda mwisho wa mwezi, akawa anafanya mazoezi ya maneno kila akitembea: "Baba, mama, kaeni niwaambie." Lakini hakuwahi.

Asubuhi ya Jumamosi moja alitoka zamu ya usiku hoi, macho mekundu. Alipoingia ua wa nyumba aliyopanga, alimkuta mzee ameketi mbele ya mlango wake juu ya ndoo iliyopinduliwa, bahasha imelala magotini, kavaa koti lake la arusini. Baba yake.

"Shikamoo baba! Umefikaje hapa?"

"Marahaba mama. Nimeuliza hospitalini. Kuna mama mmoja mnene, mcheshi, akanielekeza mpaka hapa." Fundi alikuwa bado anatabasamu. "Nikajua hapa ndipo unapoweka mizigo. Kwako ni wapi?"

Digrii akampita. Akachukua ufunguo akafungua mlango.

Chumba kilikuwa kimoja. Godoro sakafuni, limetandikwa shuka vizuri kama kitanda cha wodini. Jiko dogo la mafuta, ndoo mbili, sufuria moja yenye kifuniko cha sufuria nyingine. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kuugusa. Ukutani kulikuwa na misumari miwili, na kila msumari ulining'iniza sare nyeupe.

Fundi alisimama katikati, kofia mkononi. Hakutazama godoro wala jiko. Mtu na kazi yake: macho yake yalikwenda kwenye nguo. Akaisogelea sare moja, akaishika kola kwa vidole viwili, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye mshono.

"Kola hii imegeuzwa," akasema.

"Ndiyo baba. Upande wa juu ulikwisha."

"Nani ameigeuza?"

"Mimi. Kwa mkono."

Fundi akaiangalia na ya pili. Nayo ilikuwa imegeuzwa. Katika maisha yake yote aligeuza kola za watu, na alijua ni watu gani huleta kola kugeuzwa: wale ambao hawawezi kununua shati jingine. Akaiachia taratibu, akailainisha ikae ilivyokuwa. "Umeshona vizuri," akasema.

Akakaa kwenye godoro, magoti juu. Digrii akaketi mbele yake kwenye ndoo, na yale maneno aliyoyafanyia mazoezi yakamtoka bila mpangilio wowote. Kumi, kumi na tatu, nne za mkopo. Mjomba, na kwa nini haji. Kikundi, na bati. Fundi alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Na ule mshahara wa kwanza, baba. Ulikuwa wote."

"Wote?"

"Wote."

"Na wewe ulikula nini?"

Fundi akajifunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika. Digrii alikuwa amewaona wanaume wengi wakilia wodini, wa kukatwa miguu na wa kufiwa, na siku zote alijua pa kuweka mkono. Huyu alimshinda. Alikaa tu akimtazama na yeye machozi yakimtiririka.

Baadaye Fundi akajipangusa. Akaichukua ile bahasha aliyokuja nayo, ambamo mlikuwa na fomu ya mdhamini, akaiweka chini ya koti lake. "Hii hutaigusa," akasema. "Mwisho wa kuipeleka ni Jumatatu, na ipite. Kitinda atasoma cheti. Nitamwambia mimi. Nitasema mimi ndiye niliyekataa, anilaumu mimi mpaka achoke. Mimi ni baba yake, nitavumilia."

"Mama je?"

"Mama yako niachie mimi."

Jamani, kuna raha ya kutuliwa mzigo. Digrii alijihisi mwepesi kama aliyetoka homa. Akawasha jiko akachemsha chai, wakanywa kwa zamu kikombe kimoja, wakaanza hata kutaniana. Fundi akamcheka kwa kifuniko cha sufuria kisicho cha sufuria yake. Digrii akamwambia hicho ndicho alichosomea miaka minne. Katika miaka mitatu ya kazi ilikuwa haijapata kutokea asubuhi kama ile.

Simu ya Fundi ikalia. Ilikuwa kuukuu, haisikiki sikioni, kwa hiyo siku zote aliweka spika na kushika simu mbele ya mdomo kama anayepuliza moto.

"Baba! Umefika? Umemwona dada?" Ni Kitinda.

"Nimefika. Nimemwona."

"Kwake kukoje?"

Fundi akatazama godoro, akatazama ukuta ule wa dirishani. "Kuzuri."

"Kukubwa?"

"Kunamtosha."

Digrii akamkazia macho, akamwashiria kwa kidevu: mwambie. Fundi akaitikia kwa kichwa. Akakohoa, akajiweka sawa.

"Sikiliza mwanangu..."

"Amesaini?"

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Sauti ya Kitinda ikarudi imenyong'onyea, sauti ya mtoto yule aliyekuwa akiringia jina uwanjani. "Amekataa, eh? Nilijua. Mimi nilimwambia mama, dada hanitaki. Sijui nimemkosea nini baba. Mwambie tu kama kuna kitu nilimkosea anisamehe."

"Hapana," akasema Fundi upesi. "Hapana, usilie. Hajakataa." Akayafumba macho. "Amesaini."

Kelele iliyotoka kwenye simu ile ilijaa chumba chote. Vigelegele vya mama, vya majirani, Kitinda akilia na kucheka kwa pamoja, "Mwambie dada asante! Mwambie nampenda, mwambie sikumaanisha!" Fundi akabonyeza hapa na pale mpaka simu ikakatika.

Wakabaki wawili. Chai ilikuwa imepoa kikombeni.

"Mwanangu," akasema Fundi. "Nimeshindwa."

"Nimeona, baba."

"Nampigia tena sasa hivi. Namwambia nilikosea."

"Haya."

Digrii akangoja. Hakumharakisha, wala hakumwonyesha uso wa hasira, maana hasira hakuwa nayo. Alijua uongo ule unavyotoka, alijua hata ladha yake mdomoni. Fundi aliishika simu, akaitazama, kidole kikaenda juu ya kitufe kikasimama hapo. Nje mke wa mwenye nyumba alikuwa akifua, maji yakimwagika na kumwagika tena. Mwisho Fundi akaiweka simu godoroni, kwa upande wa kioo chini.

"Lete, baba," akasema Digrii.

"Hapana."

"Lete fomu."

Hakuleta. Ikabidi Digrii amsogelee, aingize mkono chini ya koti lake na kuichukua mwenyewe, kama anavyowachukulia wagonjwa kipimajoto kwapani. Akaitandaza juu ya kifuniko cha sufuria. Akaisoma yote, masharti yote, mstari kwa mstari, maana safari hii alijua nini kimeandikwa. Kitinda akikosa kazi kama alivyoikosa yeye, tisa zitakuwa tano, na kwenye tano hizo tatu ni za nyumbani na moja ni ya mjomba. Akatafuta kalamu kwenye mfuko wa sare, akatia sahihi pale palipotiwa alama.

Fundi akaipokea, akaikunja, akaitia bahashani. Akavaa kofia. Alifika mlangoni akasimama, akashika kizingiti, hatoki wala harudi.

"Nini baba?"

"Hakuna."

"Sema."

"Nauli," akasema Fundi, akitazama chini. "Nilikuja na ya kuja tu. Nilijua nakuja kwako."

Digrii akamwambia asubiri kidogo, pesa ameweka kwa mke wa mwenye nyumba. Akatoka uani. Fundi alimsikia akibembeleza kwa sauti ya chini, akasikia yule mama akisema, "Na zile za wiki iliyopita?" akasikia binti yake akiapa kwamba mwisho wa mwezi, wallahi, zote kwa pamoja. Kisha Digrii akarudi ndani akitabasamu, akamtia baba yake noti mbili mkononi na kuvikunja vidole vyake juu yazo.

"Hii ya nauli," akasema, "na hii ununue soda njiani."

Fundi akazipokea.